Amanitore, Kandake wa Meroe: Maisha Yaliyoandikwa kwa Mawe

Utangulizi

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga. Methali hii hutumiwa mno katika midahalo yetu, hasa pale ambapo mzungumzaji anataka kukemea uigaji wa mambo ya kigeni. Hata hivyo, methali yenyewe haituelezi ni wakati gani hasa mtu huwa ameiacha asili yake. Je, fundi anayekopa umbo kutoka nchi nyingine na kulitia katika kazi yake amekwisha kuwa mtumwa? Na kama jibu ni ndiyo, tutasema nini juu ya Kiswahili, lugha iliyokopa kutoka pande zote za Bahari ya Hindi?

Makala haya yanalikabili swali hilo kwa kusimulia maisha ya mtawala mmoja wa kale. Huyu ni Amanitore, kandake wa Meroe, aliyetawala pamoja na Mfalme Natakamani katika karne ya 1 B.K., katika nchi ambayo leo ni Sudan. Zama zao sanaa ya Misri na sanaa ya Warumi zilikutana katika mawe ya Kushi, mikononi mwa watu ambao hawakuwa chini ya Misri wala chini ya dola ya Rumi. Jambo hilo ndilo linalomfanya Amanitore astahili kusomwa na mwanafunzi wa Kiswahili.

Huenda msomaji wa Kisii au Nyamira akauliza Meroe inamhusu nini. Jibu la kwanza liko majini. Mto Gucha huanzia katika vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, ukapita nchi ya Abagusii na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Kutoka ziwani maji hayo huingia katika Nile Nyeupe, yakapita Khartoum, na hatimaye yakapita Meroe kabla ya kufika Misri. Jibu la pili liko katika machimbo ya Tabaka, ambako mafundi wetu huchonga mawe laini kwa ajili ya wanunuzi wa nchi za mbali. Fundi wa Tabaka anayechonga kete za sataranji ili ziuzwe Ulaya yumo katika swali lile lile lililomkabili fundi wa Amanitore miaka 2000 iliyopita.

Nchi na Urithi Wake

Kwa wasomaji wengi jina Kandake si geni. Katika sura ya nane ya kitabu cha Matendo ya Mitume tunasoma habari za towashi wa Kushi, mtunza hazina wa Kandake, aliyebatizwa na Filipo njiani alipokuwa akirejea kutoka Yerusalemu. Wasomaji wengi hulichukua neno hilo kuwa jina la mtu. Kwa kweli lilikuwa cheo cha wanawake wakuu wa ukoo wa kifalme wa Kushi, na waliokibeba walikuwa wengi. Baadhi ya waandishi wamemhusisha Kandake wa Matendo na Amanitore kwa sababu ya ukaribu wa nyakati, ingawa kitabu chenyewe hakikumtaja kwa jina.

Kushi ilikuwa dola ya kale sana. Katika karne ya 8 K.K. mfalme wake Piye aliitwaa Misri, na wafalme wa ukoo wake wakaitawala kama mafarao wa nasaba ya 25. Mmoja wao, Taharqa, ndiye Tirhaka anayetajwa katika Kitabu cha Pili cha Wafalme. Hata baada ya Waashuri kuwaondoa Misri, Wakushi waliendelea kujenga piramidi, kumwabudu Amun na kuandika majina yao kwa maandishi ya Misri. Kwa hiyo, sanaa ya Misri ilipofika mikononi mwa Amanitore ilikuwa imekwisha kuwa mali ya nyumbani kwa karne nyingi. Haikuwa nguo ya kuazima.

Kuanzia karne ya 3 K.K. makaburi ya wafalme yalihamia Meroe, kusini zaidi. Huko mambo yaliyokuwa ya Kikushi hasa yalipata nguvu mpya. Mungu Apedemak, mwenye mwili wa mtu na kichwa cha simba, alijengewa mahekalu makubwa, ilhali hakuwamo miongoni mwa miungu ya Misri. Wanawake nao walianza kukalia kiti cha enzi kwa uwazi ambao haukuwa wa kawaida katika nchi jirani.

Kisha wakaja Warumi. Mwaka 30 K.K. Misri iliangukia mikononi mwa yule ambaye baadaye aliitwa Kaisari Augustus, na mpaka wa dola yake ukaikaribia Kushi. Karibu mwaka 25 K.K. Wakushi walivuka mpaka huo, wakaishambulia miji ya Aswan, Elephantine na Philae, na kuziteka sanamu za Augustus. Kandake wa wakati huo, ambaye wanahistoria wengi humtambua kama Amanirenas, anaelezwa na mwandishi Strabo kuwa mwanamke shupavu aliyepoteza jicho moja. Liwali wa Kirumi nchini Misri, Petronius, alijibu kwa kuivamia Kushi na kuubomoa mji wa Napata. Hata hivyo, vita havikuishia hapo. Wajumbe wa Kushi walikwenda hadi kisiwa cha Samos, na huko, karibu mwaka 21 K.K., Augustus akakubali amani na kuwaondolea kodi iliyokuwa imewekwa.

Ushahidi wa vita hivyo ulifukuliwa mwaka 1910, pale mwanaakiolojia John Garstang alipopata huko Meroe kichwa cha shaba cha sanamu ya Augustus. Kilikuwa kimezikwa chini ya ngazi za hekalu, ili kila aliyepanda ngazi hizo amkanyage Kaisari. Kichwa hicho leo kimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Amanitore alirithi nchi iliyokuwa na kumbukumbu hiyo chini ya nyayo zake. Aliijua Rumi kama jirani mwenye nguvu aliyewahi kupigana na Kushi na kisha kukubaliana nayo.

Malkia na Mwenzake

Jina Amanitore lataka maelezo kidogo kwa msomaji wa Kiswahili. Silabi za mwanzo, Amani, hazina uhusiano na neno letu amani, ambalo tulilipata kutoka Kiarabu. Hilo ni jina la mungu Amun kama lilivyotamkwa na watu wa Meroe, nalo limo katika majina mengi ya watawala wao: Amanirenas, Amanishakheto, Natakamani. Yafaa tuliseme jambo hili mapema, kwa kuwa mfanano wa sauti umewapotosha wengi wanaotafuta asili ya maneno.

Natakamani alikuwa na cheo cha qore, yaani mtawala, na Amanitore alikuwa kandake. Wataalamu wamejadili kama Amanitore alikuwa mkewe au mamaye. Lisilojadiliwa ni hadhi yake. Katika majengo yao majina ya wawili hawa huandikwa pamoja, picha zao huchongwa kwa kimo kimoja, na kila mmoja ana jina la enzi kwa mtindo wa mafarao. Natakamani alijiita Kheperkare, jina lililowahi kubebwa na Farao Senusret wa Kwanza karibu miaka 2000 kabla yake. Amanitore aliitwa Merkare. Pamoja nao huonekana wana wa kifalme watatu katika makumbusho mbalimbali: Arikankharor, Arikakhatani na Shorkaror.

Namna Amanitore alivyochongwa ni hoja tosha juu ya asili. Malkia wa Misri kwa kawaida alionyeshwa akiwa mwembamba, mwenye kiuno chembamba na mikono laini. Amanitore ni mwanamke mnene, mwenye makalio mapana, mikono yenye nguvu, kucha ndefu na mikufu ya shanga kubwa. Amevaa taji za mtindo wa mafarao na amesimama katika mkao wa mafarao, lakini mwili ni wa mwanamke mtukufu kama Wakushi walivyomwona. Mchongaji aliichukua kanuni ya picha kutoka kaskazini, akaujaza uzuri wa kwao ndani yake.

Mjenzi

Watawala wachache wa Meroe waliacha majengo mengi kama wawili hawa. Majina yao yamepatikana Meroe kwenyewe, katika hekalu la Amun. Yamepatikana pia Amara, kati ya maporomoko ya pili na ya tatu ya Nile, ambako palikuwa na hekalu lililotoweka tangu karne ya 19. Huko Jebel Barkal, karibu na Napata iliyobomolewa na Petronius, Natakamani alijenga kasri. Kurejea kujenga mahali ambapo Warumi waliharibu hakukuwa jambo dogo. Kulikuwa tangazo kwamba nchi imesimama tena.

Hata hivyo, mahali panapowaeleza zaidi ni Naqa. Mji huu uko katika nyika kavu, takribani kilomita 30 kutoka ukingo wa Nile, kaskazini mashariki ya Khartoum. Wafalme walijenga hapo mahekalu kadhaa na bwawa kubwa la kukinga maji ya mvua. Hekalu la Amun lina njia iliyopangwa sanamu za kondoo dume, mfano wa zile za Karnak nchini Misri. Wanaakiolojia wa Kijerumani walianza kulichimba kwa utaratibu mwaka 1995.

Karibu yake liko Hekalu la Simba, lililowekwa wakfu kwa Apedemak. Kwa mbele lina lango la Kimisri lenye kuta mbili pana zilizoinama kidogo kuelekea ndani. Ukuta mmoja una picha ya Natakamani akiwapiga maadui walioshikwa nywele kwa pamoja. Ukuta wa pili una Amanitore akifanya tendo lile lile, silaha mkononi, na simba miguuni pake akiwararua mateka. Picha ya mfalme anayewapiga maadui ilitumiwa na mafarao tangu mwanzo wa historia yao. Wakushi waliichukua, lakini wakamweka mwanamke upande mmoja wa lango na mwanamume upande wa pili, kwa ukubwa ule ule.

Ubavuni mwa lango hilo amechongwa nyoka mwenye kichwa cha simba akichomoza kutoka katika ua la yungiyungi. Ua ni la Misri. Kichwa ni cha Apedemak. Nyuma ya hekalu kuna picha ya ajabu zaidi: Apedemak mwenye vichwa vitatu vya simba na mikono minne. Zamani baadhi ya wasomi walidhani kwamba umbo hilo lilitoka India. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni mepesi. Katika sanaa ya Misri, mtu na mungu huchongwa wakionekana ubavuni. Fundi wa Naqa alitaka mungu mmoja awapokee watawala wawili kwa wakati mmoja, mfalme kutoka upande huu na kandake kutoka upande ule. Akampa uso wa kumtazama mfalme, uso wa kumtazama kandake, na uso wa tatu unaomtazama mja anayekuja mbele. Uso unaomkabili mtazamaji ulikuwa adimu katika michoro ya Misri, lakini ulikuwa wa kawaida katika sanaa ya Wagiriki na Warumi. Hivyo haja ya nyumbani, yaani heshima sawa kwa watawala wawili, ndiyo iliyozaa umbo jipya.

Kibanda cha Naqa

Hatua chache kutoka Hekalu la Simba kuna jengo dogo ambalo wasafiri wa karne ya 19 waliliita Kibanda cha Kirumi. Halina jina la mjenzi, na wataalamu hulihesabu katika karne za mwanzo B.K., zama za ujenzi mkubwa wa Naqa. Siku hizi linafahamika pia kama kanisa dogo la mungu wa kike Hathor, aliyeabudiwa Misri na Kushi.

Anayelikaribia kwa mbele huona mlango wa Kimisri. Juu ya kizingiti kuna safu ya nyoka aina ya swila walioinua vichwa, na duara la jua lenye mabawa. Anapozunguka ubavuni huona kitu kingine kabisa. Kuna madirisha yenye matao ya nusu duara, na nguzo ambazo vichwa vyake vimechongwa majani yaliyojikunja kwa namna ya Korintho, mtindo ulioenea katika miji ya Warumi na uliofika huku kupitia Aleksandria. Jengo zima si refu, wala halikukusudiwa kushindana na mahekalu ya jirani. Lakini ndani ya kuta zake nne fundi amezungumza lahaja mbili, na hakuna iliyoinyamazisha nyingine.

Ili tuielewe thamani ya kibanda hiki, yafaa tukilinganishe na mchanganyiko uliokuwa ukifanyika wakati huo huo upande wa pili wa mpaka. Karibu mwaka 15 K.K. hekalu la Dendur lilijengwa Nubia ya kaskazini chini ya utawala wa Kirumi. Kutani mwake Augustus amechongwa kama farao anayetoa sadaka kwa miungu ya Misri. Hekalu hilo sasa limo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Katika eneo la Fayum, wakazi wa Misri waliwahifadhi wafu wao kwa desturi ya mababu, kisha wakaweka usoni mwa maiti picha iliyopakwa rangi kwa mtindo wa Kirumi. Rumi kwenyewe tajiri mmoja, Gaius Cestius, alijengewa piramidi kati ya mwaka 18 na 12 K.K. Mwinuko wake mkali hufanana zaidi na piramidi za Kushi kuliko zile za Giza.

Mifano hii yote ni ya mchanganyiko, lakini masharti yake hayakuwa mamoja. Dendur mtawala wa kigeni alivaa vazi la waliotawaliwa ili wamtii. Kwa Cestius mshindi alijipamba kwa hazina ya nchi iliyoshindwa. Naqa hapakuwa na liwali wa Kirumi wala mtoza kodi wake. Mtu alitazama tao la Kirumi, akalipenda, akaliweka ubavuni mwa nyumba ya Hathor. Hakuna aliyemlazimisha. Tofauti kati ya kukopa na kutawaliwa inaonekana hapa kwa macho.

Tabia hii haikuwa ya Naqa peke yake. Meroe kulikuwa na jengo la maji la kifalme, lililopambwa kwa sanamu za wapiga muziki zenye sura ya Kigiriki, zilizofinyangwa huko huko na kupakwa rangi. Wakushi wa zama hizo waliishi wakijua yaliyokuwa yakitendeka Aleksandria.

Jina Lililofungua Maandishi

Watu wa Meroe hawakuishia katika kujenga. Kuanzia karne ya 2 K.K. walikuwa na maandishi yao yenye alama 23, ambayo yalikuwa na sura mbili. Moja ilitumia picha zilizofanana na zile za Misri, na nyingine ilikuwa ya mkato kwa matumizi ya kila siku. Umbo la alama lilitoka Misri, lakini thamani na utaratibu wake vilikuwa vyao. Misri ilihitaji mamia ya alama. Meroe ikachuja chache na kuzifanya zibebe sauti za lugha yake.

Kwa karne nyingi hakuna aliyeweza kuyasoma maandishi hayo. Ufunguo ulikuwa katika jiwe lililopatikana Wad ban Naqa, mji ulio kando ya Nile, ambalo Mjerumani Karl Richard Lepsius alilichukua katika safari yake ya mwaka 1844 na kulipeleka Berlin. Lilikuwa kitako cha kuwekea mashua takatifu ya mungu hekaluni. Juu yake yaliandikwa majina mawili, Natakamani na Amanitore, kwa maandishi ya Misri na kwa maandishi ya Meroe. Mwingereza Francis Llewellyn Griffith aliyalinganisha majina hayo, akapata sauti za alama kadhaa, na kufikia mwaka 1911 alikuwa ameutangaza msingi wa usomaji wa maandishi yote.

Hivyo, jina la Amanitore ni mojawapo ya maneno mawili yaliyoifanya lugha ya Meroe isikike tena. Tunaweza kuitamka lugha hiyo leo, ingawa maana ya maneno yake mengi bado haijafumbuliwa. Yafaa tukumbuke kwamba jiwe hilo lingekuwa bubu kama mwandishi wake angeona aibu kuweka lugha mbili pamoja. Aliyeandika kwa Kimeroe peke yake angetuachia fumbo. Aliyeandika kwa Kimisri peke yake angetuficha kwamba Kimeroe kilikuwapo.

Mauti na Yaliyofuata

Amanitore alizikwa Meroe, katika makaburi ya kaskazini, chini ya piramidi ambayo wataalamu huipa namba ya kwanza. Natakamani naye ana piramidi katika uwanja huo huo. Dola yao iliendelea kwa karibu karne tatu, ikadhoofika, na katika karne ya 4 B.K. majeshi ya Aksum chini ya Mfalme Ezana yakafika katika nchi iliyokuwa imekwisha kuvunjika.

Makaburi hayakupewa raha. Mwaka 1834 tabibu wa Kiitaliano Giuseppe Ferlini alibomoa piramidi kadhaa za Meroe akitafuta dhahabu. Aliipata katika kaburi la Amanishakheto, kandake aliyemtangulia Amanitore, na vito hivyo vikauzwa Ulaya ambako vimo hadi leo katika majumba ya Munich na Berlin. Karne iliyofuata Mmarekani George Reisner aliyachimba makaburi kwa utaratibu wa kitaalamu, akaweka orodha tunayoitumia. Lakini hata yeye aliiona sanaa ya Kushi kuwa ni nakala ya Misri iliyofifia, wala hakuamini kwamba Waafrika weusi wangeweza kuiasisi dola kama hiyo. Wizi wa Ferlini ulikuwa wa mali. Wa Reisner ulikuwa wa jina. Kumwambia mtu kwamba alichochanganya si chake ni kumnyang'anya kazi ya mikono yake bila kuibeba.

Mwaka 2011 UNESCO iliyatia mabaki ya Meroe, Naqa na Musawwarat es-Sufra katika orodha ya urithi wa dunia. Heshima hiyo haikuyaondolea hatari. Vita vilivyozuka Sudan mwezi Aprili 2023 vimewaua na kuwahamisha watu wengi mno, na Jumba la Makumbusho la Taifa la Khartoum, lililohifadhi hazina za Kushi, limeporwa. Mapema mwaka 2024 ziliripotiwa habari za mapigano katika eneo la Naqa na Musawwarat. Mawe yaliyostahimili miaka 2000 ya upepo wa jangwa sasa yanahofiwa kwa sababu ya risasi.

Hitimisho

Tulianza na methali, na yafaa tuirejee. Je, Amanitore aliiacha asili? Maisha yake yanatuonyesha kwamba asili haikai katika kila kipande cha kazi. Inakaa katika kanuni inayovipanga vipande. Taji lilitoka Misri, tao lilitoka Rumi, lakini aliyeamua kandake asimame sawa na qore, na mungu wa nchi apewe nyuso tatu ili amheshimu kila mmoja, alikuwa Mkushi.

Ndivyo ilivyo katika lugha yetu. Neno kitabu lilitoka Kiarabu. Lilipoingia katika Kiswahili, silabi yake ya kwanza ikachukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, na wingi wake ukawa vitabu, jambo ambalo Mwarabu halitambui. Ekegusii nacho kikalipokea neno hilo hilo, kikaliita egetabu, na wingi wake ebitabu. Neno limekopwa mara mbili, na mara zote mbili limetii sarufi ya mwenyeji. Hii ndiyo hoja waliyoitetea Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala katika Historia ya Kiswahili ya mwaka 1977, walipokataa dai kwamba Kiswahili ni mseto usio na mwenyewe. Waliosema hivyo juu ya lugha yetu walikuwa na jicho lile lile la Reisner.

Hali kadhalika, mgogoro wa ushairi uliopamba moto baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974 ungeweza kufaidika na safari ya Naqa. Swali lenye manufaa haliwi kama umbo limetoka ng'ambo. Swali ni kama mshairi analitawala umbo hilo au anatawaliwa nalo. Fundi wa Tabaka naye apimwe hivyo. Kama anachonga tu kile ambacho mnunuzi amemwelekeza, bila lake alilolitia, hapo methali ya wahenga inamhusu. Kama analichukua umbo la mbali na kulitumikisha kwa ajili ya jambo lake mwenyewe, basi ni ndugu wa yule aliyeuchonga uso wa tatu wa Apedemak.

Kwa hiyo, tunapoisema methali ya mwacha asili, tuiseme kwa uangalifu. Mtumwa ni yule ambaye hana tena kanuni ya kupangia vya kukopa. Amanitore alikuwa nayo, na ndiyo maana mawe yake hayakuwa nakala ya Misri wala ya Rumi. Maji ya Gucha yanapofika Meroe yamekwisha kuchanganyika na maji ya mito mingi, lakini hakuna anayesema kwamba hayakutoka Nyamira.